Nimeletewa isale langu mwenyewe

Shangazi, shikamoo.

Ni saa tisa usiku, mbwa wa jirani ndiyo kwanza wamenyamaza, mimi bado nimekaa jikoni na kalamu. Huu ni usiku wa tatu. Maneno yakipishana unisamehe.

Yule mama mwenye nyumba ameng'oa masale yangu, yale majani yetu Wachaga ya kupandia mipaka. Yote kumi na moja. Nimetoka Mbuyuni kwenye cherehani Jumamosi jioni, nayakuta yamerundikwa kwenye shimo la taka, udongo bado umeng'ang'ania mizizi. Nikauliza kwa heshima, mama, kulikoni? Alikuwa anachambua mchele, hata uso hakuinua. Akasema, "Mpangaji hapandi masale."

Basi. Akaendelea na mchele wake.

Kabla hujasema nimekosea, nisikilize. Mimi si mpangaji wa kuharibu nyumba ya mtu. Naingia pale mwaka juzi, ukuta wa chumbani ulikuwa na ukungu mpaka usawa wa mto wa kulalia, maana unaijua Rau ya hapa Moshi, ni maji na kivuli mwaka mzima. Niliusugua kwa msasa, nikapaka rangi ndoo mbili, ya maziwa, kwa hela yangu, na rangi niliomba ruhusa. Sinki likivuja naita fundi mwenyewe simsumbui. Mapazia nimeshona mwenyewe. Wageni wake walikuwa wanaletwa kwangu kuangalia! "Njooni muone mwanangu alivyonipendezeshea nyumba." Mwanangu, Shangazi. Alikuwa ananiita mwanangu.

Na sikuyapanda mpakani. Niliyapanda uani karibu na karo la kufulia, ili wanaokatiza pale kwenda mtoni wasihesabu nguo zangu za ndani kwenye kamba. Ni kweli yalikuwa kwenye mstari. Sasa nipande duara? Kesho yake nikasikia anamwambia mpangaji wa chumba cha mbele kwamba naanza kujipimia kihamba, shamba la ukoo. Mimi! Kwenye vyumba viwili vya kodi!

Hapo ndipo palipouma, na sidhani anajua kwa nini. Yale masale hayakununuliwa. Niliyakata Rombo, kwenye mpaka wa baba, wiki ile kaka zangu walipomaliza kugawana. Wewe unajua mambo yetu, nyumba imekwenda kwa kitinda mimba, waliobaki wakapata vipande, na mimi nikaambiwa mtoto wa kike kwake ni kwa mume. Mume yuko wapi? Wameniona nimerudi na begi, wanajua. Wenye shule zao wamenieleza kwamba sheria ya ardhi ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Nashukuru, lakini sheria haikukaa na sisi chini ya migomba siku ile. Nikakata vijiti vyangu, nikavitia kwenye kiroba, nikavipakata kwenye Noah kutoka Mkuu mpaka Moshi, kondakta ananicheka. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka nikiamka, nikifungua mlango wa nyuma, nione kitu cha kwetu. Mlima wenyewe siku nyingi umejifunika.

Mpangaji hapandi masale. Hata nikiwa napiga cherehani nalisikia hilo neno.

Nimeamua kuhama. Dalali ameshanionyesha chumba na sebule Pasua, maji ndani, LUKU ya peke yangu, hakuna wa kugombana naye umeme. Kodi yangu ya hapa Rau ni 150,000, na mkataba unaisha tarehe 30, natakiwa kutoa ya miezi sita, 900,000 taslimu. Hela ipo. Siwezi kumpa mtu 900,000 halafu aniambie nisipande. Ila dalali naye anataka ya mwezi mmoja, na ule ukuta nimeusugua mimi, Shangazi, vidole vilichubuka. Tena jana hiyo hiyo nimepima upya dirisha la sebuleni nishone pazia zito, maana baridi ya Julai inakuja. Sijui nilikuwa napimia nini.

Sasa sikiliza la jana asubuhi. Amegonga mlango, amejifunga kanga ya kanisani, ameshika isale kwa mikono miwili, jani limefungwa fundo. Hakusema neno. Wewe unajua isale likiletwa mlangoni linaomba msamaha, na unajua halirudishwi. Bibi yangu alipokea isale kwa mtu aliyemwibia ng'ombe.

Lakini lilikuwa langu! Nalijua kwa kovu la panga nililolikatia Rombo. Ameling'oa kwangu, amelitoa jalalani, amelifuta, ameniletea nimsamehe kwa hilo hilo. Ana masale yake getini, mazuri, kwa nini hakukata la kwake? Au ndiyo alimaanisha ananirudishia? Sikuthubutu kuuliza. Nikamwambia, "Liweke hapo dirishani, mama," nikarudi kwenye chai yangu. Akaliweka, akaondoka taratibu, magoti yanamsumbua.

Sikulipokea mkononi. Sikulikataa pia, hilo ulitambue. Mpangaji wa mbele anasema nimekataa isale na nitajutia. Mama yangu angekuwepo ningemuuliza. Kaka siwezi kuwauliza, watacheka kwamba nimegombania uwanja wa watu.

Kinyongo sina. Naomba tu uniambie, hivyo nilivyofanya ni kukataa? Na kama ni kukataa, naweza kwenda kulichukua mwenyewe pale dirishani, au mpaka aje anipe tena? Nijibu kabla ya tarehe 30, dalali ananipigia kila siku.

Usitaje jina. Na ukiweza itoe hiyo habari ya masale, maana yule mama husomewa barua zako na mjukuu wake kila wiki.