Kumtafuta mgombea binafsi katika kumbukumbu za Bunge

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo na nyumbani wote ni wazima. Barua yako nimeipata, na nimefurahi mno kusikia umeamua kuandika historia ya mgombea binafsi Tanzania. Habari hii imeandikwa vipande vipande, tena mara nyingi na watu waliosoma hukumu za mahakama tu bila kufungua kumbukumbu za Bunge.

Wengi watakushauri uanze na Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Mimi nasema anza mwisho. Chukua Katiba yenyewe, toleo la Kiswahili, ufungue Ibara ya 21. Pembeni utaona maandishi madogo ambayo wasomaji huyapita: Sheria ya 1984 Na. 15, kisha Sheria ya 1994 Na. 34, kila moja na namba ya ibara yake. Hayo yanakuonyesha ni sheria zipi zilizoigusa ibara hiyo na kwa mfuatano gani. Fanya hivyohivyo kwa Ibara ya 39 na ya 67, zinazotaka anayegombea urais au ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Kabla hujaingia maktaba, uwe umeshaandika namba zote za sheria hizo. Ukienda bila namba, utaletewa majalada kumi usome yote.

Ukishapata namba, tafuta sheria yenyewe kama ilivyochapishwa katika nyongeza ya Gazeti la Serikali. Itazame mwanzo na mwisho. Mwanzoni pana saini ya Rais na tarehe aliyoridhia. Mwishoni pana tarehe Bunge lilipoipitisha, na saini ya Katibu wa Bunge. Tarehe ya mwisho ndiyo itakayokupeleka kwenye Hansard. Tarehe ya mwanzo haitakusaidia huko, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Hiyo Sheria Na. 34 ya 1994, yaani Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba, Bunge liliipitisha tarehe 2 Desemba 1994, lakini Rais aliiridhia tarehe 17 Januari 1995. Atakayetafuta mjadala wake katika vikao vya Januari 1995 hatapata kitu.

Hizo tarehe zipange sambamba na za mahakama, maana ndipo penye uzito wa habari yako. Hukumu ya Jaji Lugakingira katika kesi ya Mchungaji Mtikila, iliyosema raia ana haki ya kugombea bila chama, ilitolewa Dodoma tarehe 24 Oktoba 1994. Muswada wa kuifunga njia hiyo, uliokuja kuwa Sheria Na. 34, ulikuwa umeshafikishwa Bungeni kabla hukumu haijasomwa. Utakuta vitabu vinasema Bunge liliijibu mahakama. Ukizipanga tarehe vizuri utaona Serikali haikuingoja mahakama imalize. Tafadhali usiache jambo hili likapita kwa sentensi moja.

Muswada wenyewe utafute pia, usitosheke na sheria. Mwisho wa muswada kuna kifungu cha Madhumuni na Sababu, ambamo Serikali inaeleza kwa nini inataka mabadiliko. Muswada ukishakuwa sheria kifungu hicho huondolewa, kwa hiyo anayesoma sheria peke yake hajui Serikali ilijieleza vipi. Halafu ulinganishe muswada na sheria neno kwa neno. Kila tofauti utakayoiona ina asili yake katika mjadala, na kazi yako ni kuitafuta humo.

Sasa Hansard. Kusomwa mara ya kwanza hakuna mjadala, kwa hiyo usikae hapo. Kusomwa mara ya pili ndipo hotuba zilipo: mtoa hoja, Kamati iliyouchambua muswada, kisha wabunge. Lakini mahali ninapokusihi usome polepole ni Kamati ya Bunge Zima, ambapo muswada hupitiwa ibara kwa ibara. Kurasa zake zinachosha. Mstari uleule unajirudia, kwamba ibara iliyotajwa hapo juu ilipitishwa na Kamati ya Bunge Zima bila mabadiliko yoyote, mara ishirini, thelathini. Kisha ghafla mstari unakuja na “pamoja na marekebisho yake”. Simama hapo, rudi nyuma ukurasa mmoja au miwili. Aliyebana na aliyelegea utawaona hapo, maana mwishoni kabisa utaambiwa tu kwamba hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Kura ya “ndiyo” na “siyo” kwa sauti haiachi majina. Ila mabadiliko ya Katiba yanataka theluthi mbili ya wabunge wote, na kwa mambo kadhaa yanayohusu Muungano, theluthi mbili ya wabunge wa kila upande, Bara na Zanzibar. Kwa hiyo lazima pawe na hesabu ya kura. Idai, usikubali kuondoka bila hiyo.

Kuna mitego midogo midogo. Michango ya maandishi huchapwa ndani ya Hansard pamoja na iliyosemwa, na kwa mtindo uleule wa “Mheshimiwa Spika”. Ukiinukuu usiandike kwamba mbunge alisimama akasema. Mawaziri mara nyingi huandikwa kwa cheo bila jina, kwa hiyo ukitafuta kwa jina la mtu katika nakala za mtandaoni utamkosa akiwa mbele ya macho yako. Tafuta “mswada” na tena “muswada”. Na nakala za zamani zilizopigwa picha hazitafutiki kwa neno hata kidogo. Hizo ni za kufunua kwa mkono. Kurasa za nakala ya mtandao zinaweza zisilingane na za kitabu, basi kila nukuu iandikie mkutano, kikao na tarehe, ndipo ukurasa.

Namba za Sura, yaani namba inayopewa kila sheria katika toleo la sheria zote za nchi, nazo zina hatari yake. Katika sheria za mkoloni, Sura ya 113 ni sheria ya ardhi ya 1923. Katika Toleo la 2002, Sura ya 113 ni Sheria ya Ardhi ya 1999. Mada ni ileile, sheria ni mbili tofauti kabisa. Kila mara andika mwaka wa toleo.

Kwa mizizi ya habari yako itakubidi urudi mpaka uchaguzi wa Agosti 1960. TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na 58 kati ya hivyo havikuwa na mpinzani. Kiti kimoja kilichobaki, cha Mbulu, alikipata Herman Sarwatt, mwana-TANU aliyesimama peke yake dhidi ya mgombea rasmi wa chama. Huyo ndiye mgombea binafsi wako wa kwanza wa kumtazama kwa karibu. Miaka mitano baadaye njia hiyo ilifungwa na Katiba ya Muda, Sheria Na. 43 ya 1965, ambayo iliibeba katiba ya TANU kama jedwali lake. Mjadala wa 1965 usiutegemee sana. Halmashauri Kuu ya TANU ilikuwa imekwishaamua Januari 1963 kwamba nchi iwe na chama kimoja, kwa hiyo yaliyobishaniwa kweli yako katika taarifa ya Machi 1965 ya Tume ya Rais juu ya mfumo wa chama kimoja na katika kumbukumbu za chama. Kwa upande wa Zanzibar, kati ya 1964 na 1980 usitafute Hansard. Sheria zilitungwa na Baraza la Mapinduzi mpaka Baraza la Wawakilishi lilipoanza.

Mwaka 1992 unajulikana zaidi, nami sitakuchosha. Sheria Na. 4 ya mwaka huo ndiyo iliyoleta vyama vingi katika Katiba na kuweka sharti la kupendekezwa na chama. Soma uone kama kuna mbunge aliyeuliza habari ya wasio na chama.

Usiishie 1994. Mahakama ya Rufani ilitoa uamuzi wake juu ya mgombea binafsi Juni 2010, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ikampa Mtikila ushindi tarehe 14 Juni 2013. Baada ya tarehe hiyo rudi tena kwenye Hansard, kipindi cha maswali na majibu, usome Serikali ilijibu nini ilipoulizwa.

Ukifika maktaba ya Bunge Dodoma, omba kwanza muswada wa Mabadiliko ya Kumi na Moja, kisha Hansard ya tarehe 2 Desemba 1994 na ya siku zilizoitangulia, kwa pamoja, uziweke meza moja. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sehemu ya Afrika Mashariki, na Nyaraka za Taifa pale Upanga zitakufaa kwa miaka ya mwanzo. Ukikwama kwenye namba yoyote ya sheria niandikie, nitaitafuta huku.

Wasalimie wote.

Ni mimi rafiki yako.