Shahada ya Kiingereza isiishie kwenye chaki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wakuu wa vyuo vya Nyanda za Juu Kusini, pamoja na wazazi wenye vijana wanaosomea shahada ya lugha ya Kiingereza. Nilifundisha somo hilo katika shule za sekondari za Iringa na Mbeya kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na wengi kati ya wale niliowahimiza waendelee nalo chuoni hunijia leo wakiwa na vyeti vizuri na mikono mitupu.

Mwezi uliopita nilikwenda Mwanjelwa kutoa nakala za hati ya kiwanja, nikamkuta mwanafunzi wangu wa zamani ndiye anayehudumia katika steshenari ile. Amehitimu miaka minne iliyopita, na kila nafasi za ualimu zinapotangazwa huomba. Nikiwa bado nasubiri, waliingia wazee watatu, wakulima wa parachichi kutoka Rungwe, wakiwa na mkataba wa kurasa sita ulioandikwa kwa Kiingereza kitupu, ambao walikuwa wameusaini msimu uliotangulia. Walitaka nakala tu. Binti yule alipokuwa akipanga kurasa, jicho lake lilitua kwenye kifungu cha tisa, akasita, kisha akauliza: "Samahani baba zangu, mliambiwa kwamba tunda likikataliwa kiwandani gharama ya usafiri inakatwa kwenye malipo yenu?" Hawakuambiwa. Walikuwa wamekatwa msimu mzima wakidhani ni ushuru. Akaketi nao karibu saa nzima akiwasomea kifungu baada ya kifungu kwa Kiswahili, akiwaonyesha kwa kidole mahali palipoandikwa kwamba mnunuzi "anaweza" na mahali palipoandikwa kwamba muuzaji "atalazimika". Walipoondoka aliwatoza hela ya nakala peke yake, kwa sababu katika miaka yake mitatu ya chuo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba alichokifanya pale ni kazi yenye bei.

Sisemi haya kwa kuudharau ualimu, uliolea wanangu wote. Ninachosema ni kwamba tumeifanya shahada ya Kiingereza kuwa na mlango mmoja, na mlango huo sasa una foleni ndefu. Nafasi za serikali ni chache kuliko waombaji, shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza huajiri wachache na mara nyingi kwa mikataba mifupi, na kijana aliyesomea lugha bila masomo ya ualimu hulazimika kurudi chuoni kutafuta stashahada ya uzamili ya elimu kabla hata ya kuanza kuomba. Wakati huohuo, kazi zinazohitaji mtu anayekimudu Kiingereza kwa kina zimelala katika mikoa yetu, zinafanywa nusunusu na watu wasioandaliwa, au hazifanywi kabisa.

Tazama Tunduma. Malori yanayobeba shaba kutoka Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam hupita pale, na yale ya Malawi huvuka Kasumulu, wilayani Kyela. Zambia na Malawi zinatumia Kiingereza kama lugha rasmi, kwa hiyo barua za mizigo, madai ya bima, malalamiko ya wateja na mikataba ya usafirishaji huandikwa kwa lugha hiyo. Mhitimu wetu akiongeza kozi ya forodha anaweza kufanya kazi kwa wakala wa mizigo, na akiwa amechukua Kifaransa kama somo la ziada, hata mteja wa Lubumbashi, kule Kongo, atamwelewa. Ni jambo dogo ambalo chuo kingeweza kulipanga, lakini sijaona mwanafunzi wa lugha akipelekwa Tunduma kwa mafunzo ya vitendo.

Hali ni hiyohiyo kwenye mazao. Parachichi za Njombe na Rungwe zinauzwa Ulaya, na wanunuzi wengi wa huko hudai cheti cha kilimo bora cha GlobalG.A.P., ambacho hakipatikani bila kumbukumbu za shamba zilizoandikwa vizuri na mtu wa kumjibu mkaguzi. Viwanda vya chai vya Mufindi na vyama vya ushirika wa kahawa vya Mbozi navyo vina mawasiliano na wanunuzi wa nje. Nani anaandika barua hizo? Na nani anamsomea mkulima majibu?

Eneo ninaloliona pana zaidi ni tafsiri. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, ilhali sehemu kubwa ya sheria zetu ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, nayo ilikuwa imekikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2019, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha yake rasmi ya kazi. Yote haya yanahitaji wafasiri na wakalimani, na BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, ipo kwa ajili ya kuthibitisha ubora wa tafsiri. Hapa lazima niwe mkweli kwa vijana wangu: anayekiacha Kiswahili kidato cha nne kwa kudhani Kiingereza kinatosha hawezi kuwa mfasiri. Nimesoma tafsiri za wahitimu ambazo kila neno ni la Kiswahili na bado hazieleweki.

Utalii wengi wanaujua, hivyo sitausemea sana, isipokuwa niseme kwamba hifadhi za Ruaha na Kitulo hazihitaji waongozaji peke yao. Maelezo ya Isimila, penye zana za kale za mawe, na ya makumbusho ya Kalenga linapohifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954, yanastahili kuandikwa na mtu aliyesomea fasihi.

Ninaviomba vyuo vya Mbeya na Iringa vifanye mambo mawili kabla ya kupokea wanafunzi wapya. Kwanza, mwanafunzi wa Kiingereza asiye wa ualimu aende fildi kwenye ofisi za mizigo, vyama vya ushirika, mahakama na magazeti, badala ya kupelekwa shuleni kwa mazoea. Pili, tafsiri na uandishi wa nyaraka za biashara viwe masomo ya lazima, yakifundishwa sambamba na Kiswahili hadi mwaka wa tatu. Nazo halmashauri zisikubali mkulima asaini mkataba ambao haujatafsiriwa.

Binti wa Mwanjelwa nimemwomba abandike ukutani bei ya kusoma na kutafsiri mkataba kwa ukurasa, kando ya bei ya nakala, na amefanya hivyo. Wazee wa Rungwe wamemwahidi kwamba mkataba wa msimu ujao utapita kwake kwanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya