Baba za watoto, njooni kabla ya pilau

Mhariri,

Nipe nafasi niwashukuru walimu wa shule yetu ndogo huku Mwakirunge, Kisauni. Muhula tumeufunga chini ya mwembe, maana ukumbi hatuna. Pilau ilipikwa kwa kuni, na mpishi wa shule, mama mkali lakini mkono wake mtamu, alimfukuza kila aliyegusa mwiko wake. Watoto wakacheza ngoma ya gonda, vumbi likaingia hadi kwenye sufuria. Tukala hivyo hivyo.

Kilichonikera ni akina baba. Wengi walifika chakula kikipakuliwa. Asubuhi, ripoti zilipotolewa, mwalimu alizungumza na nyanya na mashangazi tu. Sasa mtoto wa Gredi ya 9 anatakiwa kuchagua mkondo wa sekondari ya juu: sayansi, masomo ya jamii, au sanaa na michezo. Hilo waniachia mimi niliyeishia darasa la nne?

Najua kibarua hakina ruhusa. Basi shule zikifunguliwa, walimu watuitie mkutano Jumapili alasiri, tuone nani atakosa.

Nyanya wa wajukuu watatu,
Kisauni, Mombasa