Mdogo wangu, kabla hujaandika jina la dada kwenye kibao

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeusoma Ijumaa usiku, nikaurudia Jumamosi asubuhi kabla sijafungua duka. Makaratasi uliyotuma nimeyapitia yote: jina la taasisi unayotaka kuifungua kwa kumbukumbu ya marehemu dada yetu, wajumbe wa bodi, na juu kabisa picha ya dada, ile ya kipaimara. Mimi umeniweka mweka hazina. Unasema unataka kufanya "kama Mzee Mengi". Kwenye simu tukianza haya tunaishia kupandishiana sauti, halafu unakata. Ndiyo maana nimeandika hapa.

Umemtaja Reginald Mengi, yule tajiri wa vyombo vya habari, basi tumzungumze. Najua unayempenda wewe ni yupi. Ni yule mhasibu aliyesomea Uingereza, akarudi akawa bosi wa kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand, na miaka ya 1980 madukani hakuna kitu, akaanza kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake. Kalamu! Hadithi hiyo ulitusimulia siku unafungua fremu yako ya kwanza, umekaa juu ya mfuko wa simenti, macho yanang'aa. Mwaka 1994 televisheni ya ITV na Radio One, kisha magazeti, na kiwanda cha Bonite pale Moshi wanajaza soda na maji. Ulikuwa unahesabu kwa vidole. Nilifurahi kukuona vile. Na hela ya kodi ya fremu ile ilitoka kwenye kikoba changu, silisemi hili kwa kukudai.

Dada alikuwa na Mengi wake mwingine. Kila mwaka mzee yule aliwaalika watu wenye ulemavu wakala naye chakula cha mchana pale ukumbi wa Diamond Jubilee, na dada alikuwa anakwenda. Wiki nzima kabla ya siku hiyo nyumba haikuwa na amani. Ananunua mipira mipya ya magongo Kariakoo, anapiga pasi lile gauni la kitenge cha bluu, analala saa mbili usiku. Saa kumi na moja alfajiri yuko kituoni Gongo la Mboto, maana daladala zikishaanza kujaa, konda akiona magongo anapiga bodi gari linaondoka. Akirudi jioni tunamuuliza mmekula nini, anajibu kitu kimoja tu: "Tulikaa naye." Pilau hakuwahi kulisimulia. Hela hakuwahi kuzitaja, ingawa tunajua mzee alitoa nyingi, akasomesha watoto wa watu, akapeleka watoto wenye matatizo ya moyo kutibiwa India. Yeye alilishika hilo moja.

Sisemi Mengi alikuwa malaika. Alikuwa mfanyabiashara, aligombana na matajiri wenzake hadharani mpaka mahakamani. Lakini alizaliwa Machame kwenye nyumba ya udongo, watu na mifugo ndani pamoja, kama sisi kwa bibi, na alilisema hilo mbele za watu bila kuona haya.

Alipofariki Dubai, tarehe 2 Mei 2019, wewe ulikuwa Guangzhou kufuata mzigo, hukuona kilichotokea. Jumatatu ya tarehe 6 mwili ulipofika, dada aliniambia twende Jet, kwenye barabara ya kutoka uwanja wa ndege, tukasimame. Tulisimama tangu mchana. Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili, bodaboda, wamachinga, watoto wa shule. Mama lishe mmoja alimwonea huruma akamletea kiti cha plastiki. Dada akakataa. Akasema, "Mzee hapokelewi kwa kukaa." Magongo yalimkata kwapa siku ile mpaka usiku nikamkanda kwa maji ya chumvi. Tarehe 9 wakamzika Machame, dada akaangalia yote kwenye televisheni, kimya, sufuria ya maharage ikaungua jikoni.

Sasa nifike ninapokwenda. Unajua ninapokwenda.

Harusi yako. Meza ya mwisho, nyuma ya spika, karibu na mlango wanaopitia wapishi, jenereta linanguruma upande wa pili wa ukuta. Dada yako wa kuzaliwa naye tumbo moja. Mbuzi mzima wa kuokwa alipoletwa, MC akaita, "Dada wa bwana harusi wote mbele, ndafu imefika!" Akasimama. Niliona akisimama, akaweka gongo la kulia, la kushoto likateleza kwenye vigae likaanguka, likapiga kelele ukumbi mzima ukageuka. Kijana wa kamati akamwahi, akamwambia, "Mama, kaa tu, utaletewa." Akakaa. Na wewe uligeuka, mdogo wangu. Ulimwangalia, nikakuona unamwangalia, halafu ukarudisha uso kwa mpiga picha ukatabasamu.

Video ya harusi ninayo. Ina urefu wa saa tatu kasoro. Dada hayumo. Kuna sehemu moja tu unaonekana mkono wake, umeshika serviet yenye kipande cha ndafu, na bangili ile ya shaba.

Utasema na mimi nilikuwepo. Nilikuwepo. Nilikuwa kamati ya chakula, watu 400, wali umechelewa, mpishi anadai amalizie hela yake ndiyo apakue. Ningefanya nini, nibebe meza? Mpangilio wa viti ulitoka kwako na wakwe zako, mimi sikuonyeshwa. Mama naye alinishika mkono akasema tusiwaharibie watoto siku yao. Nilimpelekea soda. Nilimpelekea mara mbili, na mara ya pili nilikaa naye kidogo. Dakika tano, labda. Aliniuliza kama nimekula.

Usidhani nimesahau mengine. Ulikuwa darasa la nne, mwembamba kama mpini wa jembe, unambeba mgongoni kuvuka mfongo, ule mfereji wa maji, kwenda shule kipindi cha masika, na yeye ni mkubwa kwako. Alipolazwa mara ya mwisho ulilipa kila kitu, ukakesha siku tatu kwenye benchi la hospitali na shati lile lile. Kaburini ulilia mpaka wazee wakakushika. Yote niliyaona. Ndiyo maana linaniuma hili la taasisi, kwa sababu mtu aliyembeba mgongoni ndiye huyo huyo.

Kwa hiyo nisikilize, mimi ni mkubwa wako. Kibao kiache kwanza. Bodi iache, hao wajumbe saba uliowaandika hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa naye. Wale wenzake wa Diamond wapo, nina namba zao kumi na moja kwenye daftari lake, kila mmoja kaandikwa na kituo anachoshukia. Waite wale chakula nyumbani kwako, pale sebuleni kwenye yale makochi meupe. Kaa nao. Waulize wanataka nini, huenda hawataki viti vya magurudumu unavyotaka kuagiza China, huenda wanataka mtu wa kuongea na makonda. Mimi nawapigia simu kila mwezi. Sawa, si kila mwezi, ila nilipiga Pasaka na yule wa Mbagala alipofiwa nilikwenda. Duka halina mtu mwingine, unajua. Kama ningekuwa na uwezo wako ningekuwa nimeshafanya, na huenda hata kwa uwezo wangu huu ningeweza, sijui kwa nini sikuanza.

Uweka hazina siukatai wala siukubali.

Krismasi tunachinja kwa mama Kibosho, usipange safari ya mzigo. Mlete mkeo na watoto, tutabanana kwenye meza ile ile. Magongo ya dada yapo nyuma ya mlango wa chumba cha mama, mpira wa la kushoto umelika mpaka chuma kinaonekana. Nilitaka kuyatoa mwezi wa nane, mama akanizuia. Amesema hayagusi mtu mpaka ufike wewe.

Dada yako