Dada, chumba hicho kifungukie kwa ndani

Shikamoo, dada.

Ujumbe wako niliupata usiku wa Jumanne nikausoma mara tano. Miaka minne kimya, halafu mistari sita. Umepata mtoto darasani, wa miaka 9, wanasema ana usonji (autism), hujui umfanyeje, nikutumie yale makaratasi yangu. Ukaongeza kwamba mama yake anatia chumvi, maana anadai mtoto anaongea vizuri nyumbani na kwenu hajatamka neno tangu muhula uanze. Na mwisho kabisa, kama jambo la kupitia tu: "Tumemtengea chumba, akianza vurugu tunamweka humo mpaka atulie."

Makaratasi nitakutumia. Lakini kukujibu kwenye simu nimeshindwa. Kila nikianza kuandika habari za mtoto huyo najikuta naandika habari za harusi. Basi naandika hapa, ninapojua kuwa hupita kusoma, na ambapo wapo kina mama na walimu wengine wenye maswali kama yako. Wanisamehe pale nitakapowasahau.

Kwanza huyo mama. Mwamini.

Mtoto mwenye usonji anaweza kuongea nyumbani akawa bubu shuleni, na wala hakuna anayesema uongo. Darasani viti vinaburuzwa, taa inatetemeka, watu wanaongea juu ya watu, mwenzake anamgusa bega bila taarifa. Wewe hayo huyasikii tena, umeyazoea. Yeye yanamwingia yote kwa pamoja, na nguvu aliyonayo inaishia kwenye kuyavumilia, maneno yanakosa pa kutokea. Wengine hujikaza mchana kutwa, wakifika mlangoni kwao wanabomoka. Mwalimu anaona mtoto mpole, mama anaona mtoto anayelia mpaka usingizi umchukue, kila mmoja anamdhania mwenzake mwongo. Unakumbuka ulivyokuwa ukiniambia kuhusu mwanangu, naye mwenye usonji? "Mbona kwangu hafanyi hivyo?" Uliniambia mara nyingi kiasi kwamba nilianza kujiuliza kama kweli naona ninachokiona.

Mwite mkae. Muulize mtoto anatulizwa na nini, sauti ipi inamtisha, akiumwa anaonyeshaje (wengi hawasemi, hata homa ikiwa kali), neno gani akilisema lina maana nyingine kabisa. Majibu yaandike kwenye karatasi moja, mbele na nyuma, na kila mwalimu anayeingia darasa lile awe nayo, pamoja na yule anayeshika zamu wewe ukiumwa. Kati ya vyote nitakavyokutumia, hakuna kitakachokufaa kuliko karatasi hiyo, na hiyo sina mimi. Anayo yule mama kichwani.

Na usimwambie uliyoniambia mimi. Ulikuwa umenishika bega, kwa upole, nakumbuka, ukasema labda sikumbeba vya kutosha alipokuwa mchanga kwa sababu niliwahi kurudi kazini. Hukuwa na nia mbaya. Ila maneno hayo yana historia, dada, nami nimeisoma kwa sababu yako. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner kule Marekani alieleza habari za watoto 11, na humo akaandika kwamba wazazi wengi wao hawakuwa na joto la mapenzi. Baadaye akaja mwandishi Bruno Bettelheim akalipigia baragumu wazo hilo, na kina mama wa kizazi kizima wakaambiwa ubaridi wao ndio uliowafunga watoto wao. Aliyesimama kupinga alikuwa Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa pia baba wa mtoto mwenye usonji; mwaka 1964 alichapisha kitabu kuonyesha kwamba chanzo kiko katika mwili na ubongo, hakiko katika malezi. Mwaka 1964! Hata mimi na wewe hatujazaliwa. Mimi nimelala macho usiku mwingi nikihesabu siku nilizochelewa kurudi nyumbani.

Ile video uliyoiweka kwenye kundi la familia, ya kudai kwamba chanjo huleta usonji, hiyo nayo isimfikie. Utafiti uliozusha yote ni wa Andrew Wakefield, 1998, watoto 12 tu. Jarida la The Lancet liliufuta mwaka 2010, na mwaka huohuo Uingereza ikamwondoa mwandishi wake kwenye orodha ya madaktari. Waliochunguza baada yake wamefuatilia watoto kwa mamia ya maelfu na hawakuona uhusiano wowote. Na akitokea mtu wa kuuza dawa ya kuponya usonji, awe na kinywaji, awe na sindano, mkimbizeni. Kuna watoto wamenyweshwa kemikali za kung'arishia nguo kwa jina la tiba.

Sasa kazi yako ya darasani, maana hilo ndilo uliloomba.

Anza na ratiba ya picha. Eric Schopler na wenzake walioanzisha TEACCH, programu ya kufundisha watoto wenye usonji, huko North Carolina, Marekani, iliyoenea jimbo zima kuanzia 1972, waliona kwamba watoto hawa wengi wanashika vizuri zaidi wanachokiona kuliko wanachoambiwa, maana picha inabaki mezani na neno linapotea hewani. (Na waliwafanya wazazi kuwa washirika wa kazi, dada. Tangu mwanzo.) Ratiba yetu ni kipande cha boksi kirefu kama mkono wangu, kimebandikwa picha saba kwa gundi ya kubandua: kuamka, kuoga, kuvaa, gari, shule, nyumbani, kitanda. Chini kuna mfuko wa bahasha. Kitu kikiisha anakibandua mwenyewe anakidumbukiza. Pembe za picha ya gari zimetafunwa zote. Kuna asubuhi picha ya shule ilipotea chini ya kabati na hatukutoka nyumbani mpaka ilipopatikana. Nikitazama saa, yeye ananionyesha nafasi iliyo wazi. Kwake siku ilikuwa na shimo katikati.

Maneno yako yapunguze. Ukimpa agizo, nyamaza, hesabu kumi moyoni, ndipo ulirudie, kwa maneno yaleyale. Ukibadilisha maneno umempa agizo jipya, anaanza upya kulitafuta. Na useme unachotaka. Ukimwambia "vuta kiti", atakivuta kutoka huku mpaka kule. Ukimwambia "ukirudia utaniona", atarudia akutazame, kwa kuwa umemwahidi. Huyo si mtoto jeuri. Ni mtoto aliyekuchukulia kwa neno lako.

Kengele mwarifu kabla. Mwonyeshe picha yake, mruhusu atoke dakika mbili mbele ya wenzake, mpe vifuniko vya masikio kama mama yake anavyo. Akipepea mikono au akijitikisa, mwache, ndivyo anavyojishikilia. Asipoongea mpe picha za kukupa mkononi anapotaka kitu. Njia hiyo ya kubadilishana picha ilianzishwa mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost, na usiogope kwamba picha zitamzuia kuongea. Hazizuii. Niliogopa hivyo mwaka mzima, na mwaka huo mwanangu hakuwa na namna ya kuniambia ana kiu. Huyo mama naye mwonyeshe mafunzo ya walezi ya Shirika la Afya Duniani, yaliyowekwa kwenye intaneti mwaka 2022, bure, kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9. Yanamwonyesha afanye nini wakati wa kucheza, kuvaa, kuoga, kwa vitu vilevile vilivyomo ndani.

Nimekawia kufika kwenye chumba. Nimefanya makusudi.

Ile harusi ya kitinda mimba wetu. Spika ile iliyokuwa karibu na meza yetu, niliomba ipunguzwe mara mbili. Mwanao alianza kuguna, akaziba masikio, akashuka chini ya meza. Nasema mwanao kwa sababu wewe ni mama yake mkubwa, na alikuwa na miaka 8, na alikupenda. Ulikuja ukamnyanyua, naye hakukataa, alikufuata kwa kuwa ni wewe. Ukampeleka stoo nyuma ya ukumbi, ukafunga mlango kwa nje, ukamwambia ukiwa mlangoni: "Tulia baba, tunakuja sasa hivi."

Dakika 40.

Nilipofika hakuwa analia. Alikuwa anagonga. Mara tatu, ananyamaza, mara tatu, ananyamaza, kwa utaratibu, kama mtu anayejua kwamba mlango hufunguliwa kwa kugongwa. Nilipofungua nilimkuta kasimama katikati ya viti vilivyopangwa mpaka karibu na dari, kola ya shati lake jipya ameitafuna imelowa mpaka kifuani. Hakunitazama. Akasema, kwa sauti yako, kwa ile namna yako ya kupandisha "sasa" na kushusha "hivi": "Tulia baba, tunakuja sasa hivi."

Kurudia maneno namna hiyo wataalamu wanakuita ekolalia. Mara nyingi si kasuku. Ni kwamba neno limeganda pamoja na siku lilipotamkwa, na siku hiyo ikirudi neno linarudi nalo. Mpaka leo, ana miaka 12, akikuta mlango umefungwa analisema. Mlango wa lifti. Wa daktari. Wa bafuni nikiwa ndani mimi. Miaka minne hujakanyaga kwangu, dada, na sauti yako naisikia kila siku.

Ulisema nilitaka harusi ya mdogo wetu iharibike. Nikamchukua mtoto nikaondoka bila kuaga, na ulipofanyiwa upasuaji sikuja. Watu walinisema. Ningekuja vipi? Nimwache na nani, na mtu wa mwisho niliyemwachia alikuwa wewe? Hivyo ndivyo nilivyowajibu wote, na ni jibu la kweli.

Ila kuna jambo sikuwaambia. Ulipokuwa umemshika mkono, ulinitazama kule ng'ambo ya ukumbi, ukanyanyua nyusi kuniuliza. Nami nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa sijakaa kwenye sherehe kwa miaka mitano. Wimbo ulikuwa mzuri. Nilijua unampeleka ndani, sikujua utafunga. Hilo nimejiambia mara nyingi. Lakini dakika 40 ni nyingi, na sikuinuka kuuliza yuko wapi mpaka muziki ulipozimwa.

Kwa hiyo nikuambie habari za chumba chenu kama mtu aliyewahi kuitikia kwa kichwa.

Kiwepo, ni kitu kizuri. Taa hafifu, godoro jembamba, pasiwe na kelele wala picha nyingi ukutani. Kufuli mliondoe. Kitasa cha ndani kifike mkono wake na mumfundishe kukifungua siku ametulia, mara nyingi, hata mara ishirini. Mpe kadi yenye picha ya chumba hicho, akiinyanyua aende bila kuulizwa, kabla hajazidiwa. Mtu mzima akae karibu, kimya. Na kisitumike kamwe kwa adhabu, hata mara moja, hata kwa mtoto mwingine yeye akiona.

Akilipuka, usidhani anadeka. Mtoto anayedeka anakuchungulia kama unamtazama, na ukimpa anachotaka anaacha. Aliyelipuka hakuoni, na hakuna cha kumpa. Ondoa watu, punguza sauti, subiri. Akitulia atakuwa amechoka kama aliyetoka kukimbia mbali, basi usimhutubie.

Makaratasi yatakufikia wiki hii. Na ukitaka kuja, njoo. Ila nitumie kwanza picha yako, ulivyo sasa, nimbandikie kwenye ratiba siku mbili kabla. Usimkumbatie mlangoni. Kaa chini, upande wa dirisha, uache asogee mwenyewe, hata ikichukua mchana wote. Mlango ukifungwa nyuma yako atasema yale maneno, kwa sauti yako. Usimnyamazishe, na usilie mpaka amalize. Akimaliza, hesabu kumi, halafu mwambie: "Nimekuja, baba."