India si hospitali pekee

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie namna sisi Wakenya tunavyoitazama India, na hasa namna wanaotuuzia safari za huko wanavyotuonyesha nchi hiyo. Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba unakwenda India, swali la kwanza atakalokuuliza ni nani mgonjwa. Swali hilo lina sababu yake, kwa kuwa ni vigumu kupata mtaa katika jiji hili ambao haujawahi kufanya mchango wa kumpeleka mtu huko akatibiwe figo, moyo au saratani, na wengi wetu tuliisikia Chennai kwa habari za madaktari kabla ya kuisikia kwa jambo lingine lolote. Lakini India ni jirani yetu wa ng'ambo ya bahari, tumefanya naye biashara na kuoana naye tangu zama za matanga, na naona ni hasara kwamba tunakwenda kwake tukiwa wagonjwa tu, ilhali tuna jamaa wa kuwaamkia.

Mimi na mume wangu tumerejea hivi karibuni kutoka likizo ya huko. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, wa ukoo wa Wabhadala, mabaharia wa Kiislamu ambao asili yao ni Kutch katika jimbo la Gujarat. Mume wangu ni mtu wa Lamu, na maisha yetu ya kazi tumeyamaliza hapa Nairobi. Tulipokwenda katika ofisi moja ya safari mjini, tuliwekewa mezani mpango mmoja tu, yaani Delhi, Agra na Jaipur, kisha uwanja wa ndege. Nilipotaja Gujarat, kijana aliyetuhudumia alituuliza kama tuna biashara huko. Nikamwambia tuna mamkubwa huko, naye akasema hilo halimo katika mpango wao.

Sina neno baya juu ya miji hiyo mitatu, nasi tulianzia huko kama wengine. Mwenye uwezo wa kufika Agra na asifike amejinyima. Mumtaz Mahal alifariki mwaka 1631 akijifungua mtoto wake wa kumi na nne, na mwaka uliofuata mumewe, mfalme Shah Jahan, akaanza kumjengea kaburi linaloitwa leo Taj Mahal. Jengo lote limepangwa sawasawa kulia na kushoto, isipokuwa mahali pamoja: kaburi la Shah Jahan mwenyewe, lililoongezwa kando ya la mkewe baada ya yeye kufa mwaka 1666, akiwa kifungoni katika ngome ya Agra alikowekwa na mwanawe Aurangzeb, na ambako kutoka roshani zake aliweza kuliona kaburi hilo kwa mbali. Tulisimama kwenye roshani hizo kwa muda mrefu, na mume wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alimsomea Fatiha. Nawakumbusha wanaokusudia kwenda kwamba Taj Mahal haipokei watalii siku ya Ijumaa. Jaipur tuliipita upesi, ingawa Hawa Mahal, jumba la mwaka 1799 lenye mamia ya madirisha madogo ambayo wanawake wa mfalme waliyatumia kutazama barabara bila kuonekana, lilimkumbusha mume wangu wikio za kwao Lamu, vile vyumba vya juu vinavyovuka njia kuunganisha nyumba mbili.

Jambo lililonifanya nishike kalamu lilianzia Ahmedabad, mji ambao ule mpango wa mezani haukuutaja. Watu wengi hufika huko kwa ajili ya nyumba ya Gandhi kando ya mto Sabarmati, alikotoka tarehe 12 Machi 1930 kwenda Dandi kwa miguu kupinga kodi ya chumvi, na inafaa kufika. Hata hivyo, katikati ya mji ule, pembeni mwa barabara yenye msongamano wa magari na bajaji, upo msikiti mdogo uliojengwa mwaka 1572 na 1573 na Sidi Saiyyed, mtu mwenye asili ya Uhabeshi. Madirisha yake ya nyuma ni ya jiwe lililotobolewa kwa patasi mpaka ukatokea mti mzima, shina la mtende likiwa katikati na matawi ya mti mwingine yakijisokota na kupishana hadi kwenye ukingo, kazi nyembamba kiasi kwamba ukiwa ndani unaona mwanga kabla ya kuliona jiwe. Hicho ndicho kielelezo cha mji wa Ahmedabad, na kimetoka kwa mtu wa bara letu.

Nilifundisha historia katika shule za sekondari kwa miaka mingi. Wanafunzi wetu wanajua, na ni vyema wajue, kwamba Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kujenga reli kutoka Mombasa kati ya mwaka 1896 na 1901, na kwamba takriban 2,500 kati yao walifia kazini. Wanajua pia kwamba mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 ya nchi hii. Wasichokijua ni safari ya upande wa pili. Sijakutana na kitabu cha darasa kilichomtaja Malik Ambar, aliyezaliwa Ethiopia, akauzwa utumwani mara kadhaa, akaishia kuwa mtawala wa Ahmadnagar, ufalme mmoja wa India, kwa niaba ya mfalme wake, na kuyazuia majeshi ya Mughal, dola ya akina Shah Jahan, kwa miaka mingi hadi alipokufa mwaka 1626. Wala hatuwaambii watoto wetu kwamba wako Wasidi, wazao wa Waafrika waliovushwa bahari wakiwa watumwa, askari na mabaharia, wanaoishi mpaka leo katika vijiji kama Jambur, karibu na msitu wa Gir wenye simba wa Asia, na Ratanpur, ambako wangali wanapiga ngoma za mababu zao kwenye kaburi la walii wao, Bava Gor.

Kutoka Ahmedabad tulipanda treni ya kwenda Bhuj, mji mkuu wa Kutch, uliobomolewa na tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 ambalo liliua watu wapatao 20,000 katika jimbo lile, kisha ukajengwa upya. Vijiji vinavyouzunguka, Baladia kikiwa mojawapo, vina nyumba za ghorofa ambazo fedha zake zilichumwa Nairobi, Mombasa na London, kwa sababu wenye nyumba hizo ndio mafundi na makandarasi wa Kipateli, jamii ya huko Kutch, waliojenga sehemu kubwa ya mitaa yetu. Mwenye duka mmoja wa Bhuj, alipojua tumetoka Kenya, alituuliza kwa Kiswahili habari za Ngara.

Mandvi, alikotoka babu yangu, iko kilomita 60 hivi kusini ya Bhuj, penye mdomo wa mto Rukmavati. Huko, kando ya mto, majahazi makubwa ya mbao yangali yanaundwa kwa mkono, mkuku ukilazwa mchangani na mataruma yakisimamishwa juu yake moja baada ya jingine, kazi ya mwaka mzima na zaidi kwa chombo kimoja. Siku hizi huwekwa injini, na vyombo hivyo bado hubeba mchele na bidhaa nyingine hadi pwani ya Somalia. Baba wa mume wangu alikuwa fundi wa majahazi katika kijiji cha Matondoni, Lamu. Tulipofika tulimkuta mzee mmoja akikalafati, akisokomeza pamba iliyotiwa mafuta katikati ya mbao kwa patasi butu. Mume wangu alichuchumaa kando yake, akaomba ile patasi kwa ishara ya mkono, akaendeleza ule mshono wa pamba kiasi cha pima moja bila kusema neno. Yule mzee aliupapasa kwa kidole gumba kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha akawaita wenzake waje waone. Wawili wale hawakuwa na lugha moja ya kuzungumza, lakini tuliagiziwa chai na tukakaa nao mpaka jua likachwa.

Mamkubwa alizaliwa Kibokoni, Mombasa, akaozwa Mandvi akiwa msichana na hakurudi tena. Kiswahili chake ni kile cha Mvita cha zamani, safi kuliko changu kilichochanganyika na Nairobi. Alimpokea mume wangu kwa kumwita mwanawe, na kabla hatujaketi akatuuliza, "Wangali wakiuza mikate ya mofa Kibokoni?" Usiku alituimbia nyimbo za harusi nilizozisikia kwa nyanya yangu nikiwa mdogo, na nyingine ambazo sikuwahi kuzisikia kabisa, akataja majina ya manahodha, ya vyombo vyao na ya nyumba walizofikia Lamu na Unguja zama za kungoja kaskazi na kusi. Wajukuu wake, vijana wenye adabu na upendo mwingi, husema Kikutchi, Kigujarati na Kihindi, na hawakuelewa hata neno moja. Wazee wa namna hii bado wapo Mandvi, Mundra na Bhuj, wengine wakiwa wamerejea kutoka Unguja baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, na kila mwaka hupungua.

Safari yenyewe si ngumu kama inavyodhaniwa. Ndege ya moja kwa moja kutoka hapa hadi Mumbai huchukua muda wa saa sita hivi, viza huombwa kwa intaneti, na jambo la kutofanyia mzaha ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambayo mtu anayetoka Kenya anatakiwa awe amechanjwa angalau siku kumi kabla ya kufika, la sivyo anaweza kuwekwa karantini. Tiketi za treni hufunguliwa siku 60 kabla ya safari na huisha upesi, hasa za vitanda vyenye kiyoyozi. Likizo ya shule ya Desemba huangukia wakati mzuri wa hali ya hewa huko, kwa hiyo hata wenye watoto hawana kisingizio.

Ombi langu la kwanza ni kwako, Mhariri: ukurasa wako wa safari uiandike pwani ya Gujarat kwa ukamilifu uleule unaoiandikia Dubai, na wenye ofisi za safari wausome. La pili ni kwa Makavazi ya Kitaifa, yanayoitunza Fort Jesus: yatume watu Kutch wenye vinasa sauti wakiwa wanajua Kiswahili cha pwani, wakawasikilize wazee hao kabla hawajatuacha. Mimi nimeanza na mamkubwa, na nyimbo na simulizi nilizomrekodi niko tayari kuzikabidhi bila malipo. Wasomaji wenye jamaa huko wanaokumbuka Kiswahili wanaweza kunifikia kupitia ofisi yako, tupange orodha ya majina na vijiji tuipeleke pamoja.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu,
South C, Nairobi