Harambee ya Kubadilisha Betri ya Moyo ya Mwalimu Wetu wa Kwaya

Wapendwa wana usharika, jamaa zetu mnaoishi mijini na marafiki wote, Bwana Yesu asifiwe.

Kamati ya Diakonia inawaandikia kuhusu mwalimu wetu wa kwaya, ambaye ametupa ruhusa ya kueleza ugonjwa wake ilimradi jina lake lisiandikwe humu. Wengi wenu mlichanga mwaka 2016, alipoanguka katika mazoezi ya nyimbo za Pasaka na ikabainika kwamba moyo wake ulikuwa ukipiga chini ya mara 40 kwa dakika, ilhali moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100. Kwa michango yenu alisafiri kutoka huku Moshi hadi Dar es Salaam, akawekewa betri ya moyo, na Krismasi ya mwaka ule alisimama mbele ya kwaya kama kawaida yake.

Tangu tulipotangaza harambee hii, tumesikia swali moja likirudiwa nje ya kanisa na kwenye vikundi vya simu: tulikwisha kumnunulia betri, kwa nini moyo wake bado unakwenda mbio, na kwa nini tuchange tena? Ni swali la haki, nasi tunaona ni heri kulijibu kwa kirefu kuliko kuwaomba fedha kwa kuwatia huruma tu.

Betri ya moyo ni kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, kikiunganishwa na nyaya laini zinazopitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni. Hufuatilia mapigo muda wote, na moyo ukichelewa kupiga huupelekea umeme kidogo sana wa kuuamsha. Kifaa cha namna hii hulinda moyo unaosuasua. Kuutuliza moyo unaokimbia si kazi yake. Mwalimu wetu ana matatizo yote mawili: mara mapigo hupungua kupita kiasi, mara vyumba vya juu vya moyo hutetemeka ovyo na mapigo kufika 150 akiwa ameketi tu kwenye cherehani yake. Anasema hali hiyo humjia bila taarifa, mara nyingi usiku. Kifua hupapatika kama kuku aliyeshikwa miguu, kichwa huwa chepesi, na mkewe humketisha kitandani akimhesabia mapigo kwenye mkono hadi yatulie. (Mwalimu huyu ndiye aliyetukemea miaka yote kwa kuukimbiza wimbo.)

Dawa za kupunguza mbio hizo zipo, lakini kwa mgonjwa wa aina yake zisingeweza kutolewa kwa usalama bila betri, kwa sababu dawa ileile inayotuliza moyo unaokimbia huweza kuudidimiza zaidi unaposuasua. Betri mliyomnunulia ndiyo iliyomwezesha daktari kumwandikia dawa hizo, na ndiyo iliyohifadhi kumbukumbu ya kila mara moyo ulipokimbia, ikasomwa kliniki kwa mashine maalumu. Aidha, vyumba vya moyo vikitetemeka damu hutuama, huweza kuganda, na bonge likifika ubongoni huleta kiharusi. Kwa hiyo anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na kupimwa damu mara kwa mara, na hata mboga za majani kama mchicha na kisamvu anatakiwa ale kwa kiasi kisichobadilika-badilika. Mnaomkaribisha chakula mlikumbuke hilo. Kuzima simu mkikaa karibu naye, kama baadhi yetu tunavyofanya kwa upendo, hakuhitajiki. Inatosha simu isikae kwenye mfuko wa shati ulio juu ya kifaa, bali umbali wa sentimita 15 au zaidi.

Kipimo cha karibuni kimeonyesha kwamba nguvu ya betri inakaribia kuisha. Haichajiwi, na kwa kuwa imefungwa ndani ya kifaa, hubadilishwa kifaa chote. Nyaya zilizomo moyoni, zikipimwa na kuonekana nzima, huachwa zilipo. Jambo hili si dalili kwamba kazi ya mwaka 2016 iliharibika. Mtu wa kwanza duniani kupandikizwa kifaa hiki, Arne Larsson wa Sweden, alipandikizwa mwezi Oktoba 1958, akabadilishiwa vifaa zaidi ya 20, na alipofariki mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 86 hakuuawa na moyo, bali na saratani.

Tunahitaji shilingi 8,500,000 kwa ajili ya kifaa, upasuaji, nauli na malazi ya watu wawili, pamoja na dawa na vipimo vya miezi sita. Familia imetoa 1,900,000 na kwaya 600,000, zimebaki 6,000,000. Kazi ya cherehani haina bima, na fundi asiyeweza kufungua kibanda kwa wiki kadhaa hana kipato, jambo ambalo hatukulifikiria vya kutosha mara ya kwanza.

Harambee itafanyika Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao baada ya ibada ya pili. Mikungu ya ndizi, kahawa, kuku na mayai vitapigwa mnada kama desturi yetu, na ahadi zitapokelewa na mhazini kwa stakabadhi. Mlio mbali mtumie namba ya malipo ya usharika mnayoifahamu. Fedha zitalipwa moja kwa moja hospitalini, hesabu itasomwa kanisani, na zikibaki zitaingia katika mfuko wa wagonjwa. Mwalimu mwenyewe atakuwepo. Ameomba asiitwe mbele, ila aachwe aongoze wimbo mmoja kabla ya mnada kuanza.